Kabla Kampeni Hazijabisha Hodi: Namna ya Kulinda Jumuiya Yako Msimu wa Uchaguzi

Uchaguzi Mkuu wa Kenya utafanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Katiba imeshaipanga siku hiyo: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa hiyo hakuna Mkristo wa nchi hii atakayesema msimu wa siasa umemjia ghafla. Siku tunaijua, joto litakavyopanda tunajua, hata matusi yatakayotumika tunaweza kuyakisia. Kinachotushinda ni kujitayarisha, maana tumezoea kuiombea amani usiku wa kuamkia kura tukidhani hiyo imetosha.

Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru, mtaa wa Kaptembwo, na ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja, katika parokia yetu ya Kikatoliki. Ploti za huku zimechanganyika. Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Mluhya na Mkisii wanachota maji bomba moja na kutokea lango moja, na jumuiya yetu iko vivyo hivyo. Nitakayoeleza ndiyo tunayoyafanya sisi. Wewe wa ACK, PCEA, AIC au kanisa la Kipentekoste utayaita kwa majina ya kwenu, lakini kazi ni ile ile.

Mwishoni mwa Januari 2008 nilikuwa hapa hapa. Kura zilikuwa zimepigwa tarehe 27 Desemba, na kwa wiki kadhaa tulidhani Nakuru imepona. Kisha mji ukawaka, tukatangaziwa amri ya kutotoka nje usiku, na uwanja wa maonyesho ya kilimo pamoja na ule wa Afraha vikajaa familia zinazolala chini ya turubai. Nchi nzima waliuawa watu zaidi ya 1,100, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Huko Kiambaa, karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa tarehe 1 Januari likiwa na akina mama na watoto waliokimbilia ndani. Yote hayo yalitendeka katika nchi ambayo watu zaidi ya 80 katika kila 100 hujiita Wakristo. Mwezi uliofuata, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK, lilikiri mbele ya taifa kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande.

Katika ploti yetu, waliookoka waliokolewa na mazoea ya zamani. Mama aliyekuwa akimwachia jirani watoto kila akienda sokoni, siku ile alijua mlango wa kugonga. Aliyekuwa hamjui jirani yake hakuwa na mlango. Ndiyo sababu mwongozo huu una mambo mengi ya vikao, funguo, simu na sufuria. Imani inataka mahali pa kukanyaga.

Sikilizaneni kabla wagombea hawajajulikana

Anzeni mwaka mzima kabla ya kura, au hata zaidi. Wagombea wakishapatikana, kila swali litasikika kama la kampeni.

Njia tunayoifuata tumejifunza kwa marehemu Askofu Cornelius Korir wa Eldoret, aliyefariki Oktoba 2017. Mwaka 2008 alifungua uwanja wa kanisa lake kuu la Moyo Mtakatifu, maelfu ya watu wakapata hifadhi. Kazi kubwa zaidi ilikuja baadaye, alipowarudisha watu kwenye vijiji walivyofukuzwa. Hakuanza kwa kukutanisha jamii mbili uwanjani wapeane mikono mbele ya kamera. Alianza na mtu mmoja mmoja, kisha vikundi vidogo vya jamii moja peke yao, wamwage uchungu wao bila kuogopa. Baada ya hapo ndipo waliketi wachache wa upande huu na wachache wa ule, halafu wengi. Mwishowe walitafuta kitu cha kutengeneza pamoja: barabara, shule, josho la ng'ombe. Josho linawalazimisha watu kukutana hata siku ambayo hawataki.

Katika jumuiya fanyeni hivyo kwa kipimo chenu. Wazee wawili au watatu wanaoaminiwa wazunguke kwanza nyumbani kwa watu, wasikilize faraghani. Kisha chagueni majira ya kukaa pamoja. Sisi hutumia Kwaresima, kwa sababu kila mwaka Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki hutoa kijitabu cha kampeni ya Kwaresima chenye mada ya kila wiki, na tayari watu wamezoea mwendo wake wa kuona, kuamua na kutenda. Swali ni moja tu: uchaguzi uliopita uliogopa nini? Msiulize mtu alimpigia nani. Mmoja anasema, wengine wananyamaza, unasomwa mstari wa Injili, ndipo anafuata mwingine. Hakuna kumjibu mtu papo hapo. Kanuni hiyo ishikeni sana, maana anayejibiwa hujitetea, na anayejitetea haelezi tena kilichomuuma.

Tulipokaa hivyo, mama mmoja Mluo anayeuza samaki alisema kwamba kila Agosti ya kura huwapeleka watoto Siaya na masanduku yao yote ya nguo, na ufunguo wa nyumba huuacha kwa dada yake mjini. Majirani tulidhani watoto wameenda likizo. Mzee mmoja Mkalenjin, fundi wa baiskeli, akasema mtu akitaja 2008 mahali popote, macho yote yanamgeukia yeye, ilhali mwaka huo alilala kwenye uwanja wa maonyesho kama wengine. Mama mmoja Mkikuyu akaeleza jinsi kaka yake alivyofika kutoka Burnt Forest, upande wa Eldoret, na blanketi moja, na kwamba shamba hawajalirudia hadi leo. Chumba kilikuwa kidogo, chai ilipoa kwenye vikombe. Hakuna aliyeombwa kumsamehe mwenzake jioni hiyo, na sikuona haja ya kuharakisha. Ilitosha kwamba kila mmoja sasa alijua mwenzake anabeba nini.

Josho letu ni mfuko wa mazishi. Tulichanga tukanunua sufuria kubwa, mahema na viti, vitu ambavyo kila familia itavihitaji siku moja. Sanduku la pesa lina kufuli mbili, na funguo hukaa kwa watu wa jamii mbili tofauti, hivyo haliwezi kufunguliwa bila hao wawili kukutana. Weka utaratibu kama huu wakati kuna utulivu. Ukiuleta katikati ya kampeni, watu watadhani unamshuku mtu.

Madhabahu, kiti cha mbele na pesa ya mheshimiwa

Hapa ndipo makanisa yetu mengi hupasuka.

Mnamo Septemba 2021, Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari kuhutubia katika makanisa yake. Alisema hivyo Butere, siku ya kumweka wakfu Rose Okeno, askofu wa kwanza mwanamke kuongoza dayosisi ya kanisa hilo nchini. Mnamo Juni na Julai 2024 vijana waliokuwa wakiandamana walitugeukia sisi watu wa kanisa na kuuliza mbona altare zetu zimekuwa majukwaa. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akakataa mchango ambao Rais na Gavana walitoa katika parokia ya Soweto, akaagiza pesa zirudishwe. Tamko la askofu mkuu lina uzito wake, lakini kwenye parokia ya kawaida, Jumapili ya kawaida, anayekabiliana na msafara wa magari langoni ni mzee wa zamu na mama mmoja mwenye kapu la sadaka. Hao ndio wa kuandaliwa.

Baraza la parokia liandike kanuni na isomwe wakati wa matangazo mapema, kabla mtu yeyote hajatangaza nia, ili asionekane mmoja amelengwa. Yetu kwa ufupi ni hii. Mgombea anakaribishwa kusali. Anakaa penye nafasi, na akichelewa anasimama nyuma kama mwingine aliyechelewa. Hapewi kipaza sauti, wala kabla ya baraka ya mwisho wala baada yake. Sadaka yake inaingia kapuni pamoja na ya bibi wa shilingi kumi, na kiasi hakitangazwi. Kwaya haimwimbii. Barua ya Yakobo, sura ya pili, imeshalisema jambo hili: mwenye pete ya dhahabu anaonyeshwa mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame kando, na Yakobo anawaita wanaofanya hivyo waamuzi wenye mawazo mabaya.

Wazee wa zamu wafanye mazoezi ya maneno, kwa sababu mtu akishtukizwa husalimu amri. Sisi husema hivi: "Karibu sana mheshimiwa, Misa inaanza. Hapa hatuna salamu za wageni, ni utaratibu wa parokia kwa kila mtu. Ukitaka kuzungumza na watu, uwanja wa nje uko wazi baada ya Misa, nje ya lango." Semeni kwa upole na kwa sauti ya chini. Wasaidizi wake watanung'unika. Mwenyewe mara nyingi huitikia tu, maana anajua mpinzani wake naye atasimamishwa hapo hapo wiki ijayo.

Pesa ni ngumu zaidi. Parokia ina paa la kumaliza, na mtu ana laki mbili mfukoni. Ushauri wangu ni huu: mwaka wa uchaguzi msiitishe harambee yoyote ya ujenzi. Paa lisubiri, au lijengwe kwa ahadi za waamini kidogo kidogo kwa M-Pesa, kila jumuiya na zamu yake. Paa lililojengwa na mgombea lina mwenyewe, na atalitaja kila atakapowahitaji. Parokia changa zenye shida kweli kweli huona neno hili ni la ukali, na ninaelewa. Hata hivyo sijaona kanisa lililopokea pesa ya kampeni kisha likaweza kumwambia mtoaji ukweli.

Kuna jambo moja la watu wa cherehani. Msimu wa kampeni huniletea kazi za fulana, aproni na leso za wagombea, na ninazishona, kwa bei ile ile, kwa chama chochote. Hiyo ni riziki. Lakini sare ya Chama cha Wanawake Wakatoliki ni kitu kingine. Akina mama wakipandishwa lori kwenda mkutanoni wakiwa na sare ya kanisa, picha itakayopigwa itasema kanisa limechagua, na hakuna tangazo la Jumapili litakaloifuta. Katibu wa chama aseme mapema: sare haipandi lori la siasa. Na aproni ya mgombea haiingii kwenye sala ya jumuiya.

Kuwa na upande wako

Simtaki Mkristo asiye na upande. Kura ni wajibu, na kuna wagombea wema wanaohitaji watu wema wa kuwapigia kampeni. Yesu aliwaita Mathayo mtoza ushuru, aliyeutumikia utawala uliokuwa chini ya Warumi, na Simoni Zelote, ambaye jina lake lenyewe ni la watu waliowapinga, akawaketisha meza moja. Injili haituelezi walivyosuluhisha maoni yao. Inatuambia tu kwamba wote wawili waliitwa na wote wawili walibaki.

Ila mwenye uongozi kanisani ana mipaka. Sheria ya Kanisa Katoliki inawakataza mapadri kushika vyeo vya serikali. Walei haiwakatazi, na haifai kuwakataza. Kwetu tumekubaliana kwamba mwenyekiti, katibu, mweka hazina au kiongozi wa kwaya akiamua kugombea au kuwa wakala wa chama, anaachia kiti msimu huo na naibu wake anakalia. Anabaki mwanajumuiya kamili. Anasali nasi, anapokea zamu ya chai. Kura zikiisha anarudi. Tukifanya hivi hakuna anayenung'unika kwamba daftari la jumuiya limegeuka orodha ya wapiga kura wa mtu.

Maombi ya waamini nayo yaangaliwe. Paulo anamwambia Timotheo tuwaombee wafalme na wote wenye mamlaka. Wakati wa kampeni tunaomba kwa cheo: Rais, gavana, wagombea wote, tume ya uchaguzi, polisi. Jina la mtu halitajwi. Anayeomba kwa kumtaja mmoja tu, wengine hawaitikii "Ee Bwana utusikie" kwa moyo, na hapo sala imeshatugawa.

Na lugha. Mkiwa wawili wa kabila moja zungumzeni lugha ya mama, ni haki yenu na ni tamu. Akiingia wa tatu, geukeni Kiswahili papo hapo, hata kama mlikuwa mkizungumzia mvua. Yeye hajui kwamba ilikuwa mvua.

Simu

Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki, yakiwemo "madoadoa" na "kwekwe". Sheria ya mwaka 2008 iliyoianzisha tume hiyo inaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayechochea chuki ya kikabila. Waambieni vijana wa jumuiya hayo wazi. Lakini kwetu kizuizi cha kwanza ni amri ya nane: usimshuhudie jirani yako uongo. Kusambaza ni kushuhudia. Ukibonyeza kitufe, umesimama kizimbani na kusema, hili ninalijua.

Kwenye grupu la jumuiya yawekwe matangazo, sala, misiba na wagonjwa tu. Maadmini wawe wawili wa jamii tofauti, na yeyote kati yao awe na ruhusa ya kufuta bila kumuuliza mwenzake. Wiki ya kura grupu lifungwe, maadmini pekee waandike, isipokuwa mtu akiwa na dharura, hapo awapigie.

Kila ujumbe wa kutisha uulizwe: nani ameona, wapi, saa ngapi? Usipokuwa na majibu, mpigie simu mtu anayekaa huko. Agosti 2022 ilitufikia rekodi ya sauti ya mwanamume akilia kwamba mtaa fulani ng'ambo ya mji umevamiwa. Katibu wetu ana dada anayeishi mtaa huo. Alimpigia mbele yetu, akaweka sauti ya juu. Dada alikuwa akisonga ugali, tukasikia mwiko ukigonga sufuria, akauliza, "Wamevamiwa wapi? Mbona watoto wako nje wanacheza?" Rekodi ile ilifutwa, na aliyeituma hakuaibishwa. Kesho yake mzee mmoja alimwendea nyumbani, wakazungumza wawili, kama Mathayo 18 inavyotuagiza. Kumkemea mtu ndani ya grupu lenye watu sitini ni kumfukuza.

Siku za kusubiri

Watu hujiandaa kwa siku ya kura, na hatari hukaa katika siku zinazofuata. Mwaka 2022 tulipiga kura Jumanne tarehe 9 Agosti, Rais akatangazwa Jumatatu tarehe 15, Mahakama ya Juu ikaamua kesi tarehe 5 Septemba. Mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo ilifuta matokeo tarehe 1 Septemba, tukarudi kupiga kura tarehe 26 Oktoba. Katiba inaipa tume siku saba kutangaza, mwenye malalamiko siku saba kufika mahakamani, na mahakama siku 14 kuamua. Pangeni basi kwa wiki kadhaa.

Kabla ya siku ya kura, andikeni orodha ya wanaoishi peke yao, wajawazito na wanaomeza dawa kila siku. Wa dawa waende kliniki mapema wakapewe za kutosha, maana barabara ikifungwa kidonge cha presha hakipatikani. Muwe na unga, mafuta na maharagwe ya ziada mahali pawili, msirundike nyumba moja. Kila kaya iwe na kaya nyingine ya jamii tofauti iliyokubali, kwa kinywa chake, kuipokea usiku wowote. Kukubali huko kuwe kwa maneno. "Ukibisha nitafungua" ni sentensi fupi, na aliyeisema kabla ya hofu huikumbuka ndani ya hofu.

Sala ya jioni isogezwe mapema, iishe jua likiwa bado liko, watu watembee nyumbani kukiwa na mwanga. Hapo kwenye rozari redio na simu zizimwe. Habari zitakuwepo mkimaliza.

Uvumi wa kura kuibwa utakuja, na wakati mwingine madai yatakuwa na msingi. Mwanajumuiya anaweza kufanya kitu cha maana: aende kituo alichopigia kura akasome Fomu 34A, yenye matokeo ya kituo hicho, iliyobandikwa mlangoni, aipige picha. Mwaka 2022 fomu hizo ziliwekwa pia kwenye tovuti ya tume, kila raia akaweza kulinganisha. Mtu aliyeona namba za kituo chake kwa macho yake huzungumza kwa utulivu kuliko aliyesikia kwa jirani, na akiwa na ushahidi wa kasoro anajua wa kumpelekea.

Siku ya kutangazwa mshindi ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 2022 iliangukia sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni. Jioni hiyo upande mmoja wa barabara yetu kulikuwa na honi za pikipiki na vifijo, na milango ya upande wa pili imefungwa kabla ya magharibi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba ndani ya ploti hakuna vuvuzela, mwenye furaha atoke akaifurahie barabarani. Na tulikuwa tumepanga wa kwenda kwa nani. Akina mama wawili, ambao mgombea wao alikuwa ameshinda, walienda kwa yule muuza samaki na pakiti ya maziwa. Hawakumpa pole, kwa sababu pole ya mshindi huchoma. Walimuuliza kama watoto wamefika salama Siaya, wakakaa, wakachemsha chai. Alipoanza mwenyewe kusema, walimsikiliza bila kumsahihisha. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo ninalowasisitizia watu wangu mno: aliyeshindwa aachiwe aseme ameibiwa, hata kama wewe unaamini hakuibiwa. Mahakama itaamua. Kazi yako jioni hiyo ni kukaa hapo.

Amani isiyofunika kidonda

Kuna Wakristo wanaosema amani wakimaanisha kimya. Baada ya uchaguzi wa 2013 waliolalamika waliambiwa wakubali yaishe, na wengi waliondoka makanisani wakihisi kwamba mahubiri ya amani yalikuwa yakielekezwa kwao peke yao. Yeremia aliwalaumu makuhani waliotibu jeraha la watu juu juu, wakisema amani wakati amani haipo.

Juni 2024 jambo hili liliingia nyumbani mwetu. Vijana walipinga Mswada wa Fedha, tarehe 25 wakaingia bungeni, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilihesabu vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai. Katika jumuiya yetu wazazi waligawanyika, wengine wakisema watoto wamepotoka, wengine wakiwaonea fahari, na safari hii mgawanyiko haukuwa wa kabila. Tulifanya yaliyo wazi kwa Mkristo yeyote. Tuliwaombea waliokufa, raia na wengine wote, kwenye Misa ya jumuiya. Tulikubaliana kwamba kijana wa familia yoyote yetu akikamatwa, watu wazima wawili watafika kituoni, waulize namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, wabaki hadi aonekane. Anayemwona kijana huyo amekosea naye yumo kwenye zamu. Ofisi ya Haki na Amani ya jimbo huwa na watu wanaojua mawakili. Namba yake iandikwe daftarini sasa. Na vijana wenyewe wapeni jioni moja ya kuongoza jumuiya, waulize maswali yao yote. Yalituumiza baadhi yake. Tulihitaji kuyasikia.

Padri akihubiri dhidi ya ufisadi, muungeni mkono hadharani, na hasa ninyi mlioipigia kura serikali iliyoko. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyenipa kipaimara, aliongoza jimbo la Nakuru wakati wa mapigano ya kikabila ya miaka ya tisini, na hakunyamazia waliokuwa wakiyachochea. Sauti kama hiyo haidumu ikiachwa peke yake.

Aliyeondoka

Hata mkifanya yote haya, kuna atakayehama. Ataacha kuja sala, ataondoka kwenye grupu usiku bila neno. Mpeni siku chache. Kisha waende wawili, mmoja wa jamii yake na mmoja wa jamii nyingine, wasiende wengi. Msimwombe arudi, ulizeni habari za nyumbani. Akitaka kusema kilichomuudhi, mwacheni amalize. Kama kuna aliyemkosea kwa maneno, huyo atafutwe aende mwenyewe kabla ya Jumapili, kwa sababu Bwana amesema tuiache sadaka mbele ya madhabahu tukapatane kwanza.

Akikataa, msimfute. Jina lake libaki kwenye daftari la mfuko wa mazishi, na mchango wake wa mwezi jumuiya iulipe mpaka mwaka uishe. Mweka hazina ajulishwe hivyo kwa maandishi, ili asije mwingine akabadilisha.